Konokono Hakuruka

Shimo hakuwahi kumwamini mtu mzima anayecheka huku amevaa boksi. Na msimlaumu. Nanyi mngekuwa mmeangushwa mbele ya nchi nzima mkiwa na miaka tisa, mngejifunza kunusa kila sahani kabla ya kula.

Shimo silo jina alilopewa na wazazi wake, jamani. Mzazi gani mwenye akili timamu angemwita mwanawe hivyo? Jina alipewa na kipindi cha televisheni, Jumamosi moja saa kumi alasiri, na tangu siku hiyo likamganda kama ruba. Shuleni Shimo, kazini Shimo. Siku ya harusi yake mpambe alisimama akasema, "Bwana harusi wetu, Shimo," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkewe humwita hivyo akiwa na furaha. Mtu mmoja tu duniani hajawahi kulitamka jina hilo, naye ni mama yake. Kwa mama yake yeye ni "baba", basi.

Kipindi chenyewe kiliitwa Konokono Kasi. Kilitokana na gemu ya video ya zama zile, ya konokono aliyevaa kiatu kimoja. Kimoja, maana konokono ana mguu mmoja, huyo aliyeibuni alikuwa makini. Konokono alikimbia kuokota vifungo vya shati na kuruka mashimo. Kwa nini vifungo vya shati, hakuna aliyeuliza. Kituo cha televisheni kikaichukua gemu ile na kuijengea kipindi: mtangazaji aliyebeba gamba la boksi mgongoni, akiitwa Mjomba Gamba; kikaragosi cha kabichi kilichoshonwa kwa soksi, kilichowatukana watoto; na ukungu uliotoka kwenye birika lililochemshwa nyuma ya ubao. Ukikitazama leo utacheka mpaka ubanwe mbavu. Wakati ule tulikitazama kama watu walio msibani, hakuna kunong'ona.

Na kilichotukalisha hivyo ni dakika kumi za mwisho. Mtoto alipiga simu kutoka nyumbani, akapaza sauti, "Kulia! Kushoto! Ruka!" na konokono kwenye kioo akamtii! Mjomba Gamba alionyesha bati lenye balbu zinazowaka na kuzimika, akasema, "Kompyuta yetu inaisikia sauti yako!" Ukivuka mashimo matatu, baiskeli ni yako.

Shimo alivuka mawili. La tatu aliliona likija, akasema "Ruka!" mapema, kwa sauti, angeweza kuapa hata leo. Konokono akaenda, kiatu chake kimoja, mdogo mdogo, akatumbukia. Kabichi likacheka. Mjomba Gamba akapiga kelele, "Shimoniii!" na nchi nzima ikaitikia. Kesho yake hata muuza maziwa alimsalimia kwa jina jipya.

Basi tangu hapo Shimo ana swali moja, na miaka thelathini na miwili haijalitoa kichwani: nilichelewa, au niliangushwa? Watu humwambia, hiyo ni gemu tu bwana, iache ipite. Wao hawakuitwa Shimo. Alisomea ufundi wa sauti, akaomba kazi kwenye kituo kile kile, akapata. Majirani wakadhani amefuata nyayo za mama yake, aliyekuwa mpiga chapa pale enzi hizo. Wapi! Alifuata shimo lake.

*

Mwaka huu kituo kikaamua kukirudisha Konokono Kasi hewani, maana wazee wa leo ndio watoto wa jana na wanapenda kulia kidogo wakikumbuka. Kanda sitini na mbili zikatolewa stoo. Lebo zilikuwa zimeliwa na ukungu, zimebaki namba tu zilizoandikwa kwa wino mzito. Shimo ndiye fundi wa kanda, kazi ikawa yake: kuzikausha kwenye kikaushio kwa joto dogo zisinatane, kufuta kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kuzicheza moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta.

"Kila kanda ina njia mbili za sauti," mkuu wake wa kazi alimwambia siku ya kwanza. Mkuu alikuwa mama mnene asiyependa maneno mengi. "Ya kwanza ndiyo ile watu waliyoisikia nyumbani. Hiyo ninaitaka. Ya pili ni mafundi wakisemezana wenyewe kwa wenyewe kwenye vifaa vyao vya masikioni. Hiyo achana nayo."

"Kwa nini tuiache, mama?"

"Umbea mtupu. Wengine wameshakufa. Fanya njia ya kwanza, ya pili acha."

Shimo akasema sawa, na moyoni akasema aa, hapa pana jambo. Lakini kazi ni kazi, akatii. Kanda ya kwanza, ya tano, ya kumi. Na kadiri alivyotazama, ndivyo alivyozidi kukunja uso. Kompyuta gani hii? Mtoto mmoja alisahau kabisa kusema, alikuwa anamwita dada yake aje aone, na konokono akaruka mwenyewe. Mwingine alisema "kulia" akimaanisha kushoto, na konokono akaenda kushoto kwa adabu zote. Kigugumizi mmoja alisema "Ru... ru..." na kabla hajamaliza konokono alikuwa ng'ambo, salama salimini, anaokota vifungo.

Hapo hapakuwa na kompyuta inayosikia. Hapo palikuwa na mkono wa mtu. Tena mkono wenye huruma, uliowabeba wazembe, waliolala na waliochelewa. Shimo alijikuta anaipiga meza kwa ngumi. Watoto wote hawa umewavusha, na mimi niliyesema mapema ukaniacha nitumbukie! Nilikukosea nini?

Alianza kuwashuku watu wote waliowahi kukanyaga jengo lile. Alimshuku mlinzi mzee wa lango, kwa sababu siku zote alimpungia mkono kwa furaha iliyopita kiasi. Alimshuku mpiga picha mstaafu aliyekuja kuchukua kiinua mgongo na kumuuliza, "Bado unaitwa lile jina?" Lakini zaidi ya wote alimshuku Mjomba Gamba. Mtu aliyecheka vile hakosi kuwa na mkono katika jambo hili.

*

Nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Mama yake anaishi nao. Ni bibi mwembamba, vidole vimepindwa na baridi yabisi, na kila akiinuka kitini au akiepua sufuria husema "Hopa!" kidogo, kama mtu anayejisaidia kwa neno. Bintiye Shimo, wa miaka kumi, anaitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi, naye humwigiza bibi yake nyumba nzima: hopa, hopa.

Kitu kimoja bibi huyo hafanyi: hagusi gemu. Chiriku amembembeleza mara mia. Bibi huikalia mikono yake, kabisa, huiweka chini ya mapaja, akasema, "Mimi na vitu hivyo wapi na wapi, mjukuu wangu."

Tangu kazi ya kanda ianze, kila jioni mama alikuwa na swali lile lile.

"Mmefika ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili, mama."

Siku nyingine, akichambua maharage bila kuinua macho: "Mmefika ya ngapi?"

"Ya ishirini na saba. Mbona unauliza sana?"

"Nauliza tu. Si nilifanya kazi pale? Niliwapigia chapa barua zao mpaka kucha zikaisha."

Na jioni aliyomwambia wamefika ya thelathini na nane, mama aliacha maharage. "Ile ya arobaini haitacheza," akasema. "Itakuwa imeoza. Stoo ile ilivuja."

Shimo alikuwa anakunywa maji. Alikishusha kikombe polepole.

"Kwa nini ya arobaini, mama?"

"Nimetaja tu."

"Kanda sitini na mbili, ukataja hiyo moja?"

"Baba, mimi ni mzee, maneno yananitoka," mama akasema, akainuka, "Hopa," akaenda kulala na jua halijazama vizuri.

Usingizi wa Shimo ukaota mbawa. Yeye mwenyewe hakujua kanda yake ni ya ngapi. Alikuwa anaisubiri tu ije. Mama amejuaje? Aliikumbuka siku ile upya. Mama alikuwa amewapiga marufuku wanawe watatu kupiga simu kwenye kipindi kile, marufuku kabisa, na Shimo akadhani ni ubahili wa kawaida wa akina mama. Akatorokea kwa jirani muuguzi aliyekuwa na simu. Mama alikuwa kazini. Kila Jumamosi alikuwa kazini. Barua gani hupigwa chapa Jumamosi alasiri? Akajigeuza upande wa ukuta, akajikemea: wewe sasa umechanganyikiwa, unamshuku hadi aliyekuzaa.

*

Kesho yake Mjomba Gamba alikuja kituoni kuhojiwa. Gamba halipo tena. Kipo kipara, fimbo ya kutembelea, na suti iliyonunuliwa alipokuwa mnene. Shimo alikabidhiwa kazi ya kumfunga kipaza sauti kifuani. Alikifunga taratibu, makusudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

"Ile kompyuta iliyokuwa inasikia sauti za watoto, iko wapi siku hizi?"

Mzee akacheka mpaka kipaza sauti kikaruka. "Kompyuta! Lile lilikuwa bati la biskuti na balbu saba. Nililitoboa mwenyewe kwa msumari."

"Kwa hiyo konokono ulikuwa unamchezesha wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa mdomo tu. Siwezi hata kufunga kamba za viatu bila kulaani. Mikono ilikuwa nyuma ya ubao."

"Mikono ya nani?"

"Hilo tuliapa. Watoto waliamini, na mtu haharibu imani ya watoto." Akamtazama Shimo kwa mara ya kwanza, jicho kwa jicho. "Wewe ni nani vile?"

"Hapa wananiita Shimo."

Kicheko kikamkauka mzee kama maji kwenye bati la moto. Mtu aliyepiga kelele miaka minane mfululizo bila kuvuta pumzi, akaanza kupangusa kishikio cha fimbo yake.

"Wa shimo la tatu," akasema mwishowe. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana. Mwambie Gamba hajasema kitu."

Haya sasa. Mtu akikuambia hajasema kitu, kasema chote. Shimo alitoka pale. Wahenga hawakukosea kusema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupenda kuikung'uta nguo aliyoivaa tangu azaliwe?

*

Siku za mwizi ni arobaini, na kanda yenyewe ya arobaini. Haikuwa imeoza hata kidogo. Shimo alingoja wenzake wakaenda kula, akafunga mlango, akavaa visikizio, na akafungua njia zote mbili.

Kwenye njia ya kwanza Mjomba Gamba alikuwa anapokea simu. Kisha Shimo akajisikia mwenyewe, sauti nyembamba, inataja jina lake la kweli na mtaa wake kwa fahari. Na hapo hapo, kwenye njia ya pili, mwanamume akasema kwa chini, "Jina hilo. Mtaa huo. Huyu si wako?"

"Hapana," ikajibu sauti ya mwanamke.

"Una hakika? Unajua mtoto wa mfanyakazi haruhusiwi. Huyu akishinda na ikajulikana ni wako, kazi huna, na mimi sina."

"Simjui."

Gemu ikaanza. Mtoto akasema kulia, mtoto akasema kushoto. Shimo la kwanza: "Ruka!" Kitufe kikalia tik, na yule mwanamke, kwa pumzi tu, akasema, "Hopa."

Shimo alishika ukingo wa meza.

Shimo la pili. "Ruka!" Tik. "Hopa."

La tatu likaja. Mtoto alisema "Ruka!" mapema, tena akarudia, "Ruka! Ruka!" Hakuchelewa. Wallahi hakuchelewa, palikuwa na nafasi ya kuruka mara mbili. Kwenye njia ya pili hapakusikika tik. Palisikika mtu ameshikilia pumzi. Kisha kabichi likacheka, Mjomba Gamba akapiga kelele ile yake, kiti kikaburuzwa, na yule mwanamume akasema, ameridhika, "Haya. Kumbe kweli si wako."

Shimo alivua visikizio akakaa. Miaka thelathini na miwili alitafuta mwizi. Alikuwa amemwandalia maneno ya kumwambia, makali, ameyanoa kila mwaka. Sasa mwizi kapatikana, na asubuhi hiyo hiyo ndiye aliyemwekea chai mezani. Alisikia hasira, hasira ya kitoto hasa, ya kutupa vitu. Chini ya hasira ile palikuwa na kitu kingine kibaya zaidi: alimwonea huruma mwanamke yule wa kwenye kanda, na hakutaka kumwonea.

Saa tisa mkuu wake alikuja kuchukua fomu ya kanda. Kwenye nafasi ya njia ya pili Shimo alikuwa ameandika: imeharibika, haisikiki.

"Umeisikiliza?" mkuu akauliza.

"Hapana," akasema Shimo, akashangaa jinsi uongo unavyotoka kwa urahisi ukiwa wa kumlinda mtu.

*

Jioni alirudi na boksi kwapani. Ndani ilikuwemo mashine ya gemu yenyewe, ile ya kipindi, aliyoiazima stoo kwa saini: kibati cheusi na kijiti chenye kitufe chekundu kilichopauka katikati kwa kubonyezwa. Chiriku alipoiona alirukaruka mpaka mama yake akamwambia atavunja sakafu. Wakaiunganisha. Konokono akatokea kwenye kioo, na kiatu chake.

Mama yake Shimo alikuwa kwenye kiti chake. Mikono ilikuwa imeshaingia chini ya mapaja.

"Mama," akasema Shimo, "njoo ushike."

"Mimi na vitu hivyo wapi na wapi."

"Shika tu. Mimi nitasema, wewe utacheza."

Mama alimtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu, kama anayesoma barua asiyoitaka.

"Mmefika ya ngapi?" akauliza.

"Tumemaliza ya arobaini."

Akaitoa mikono. Akakipokea kijiti, na hakukishika kama mgeni. Alikilaza kwenye kiganja cha kushoto, dole gumba la kulia likaenda lenyewe juu ya kitufe, pale palipopauka.

"Bibi, mbona unajua kushika!" Chiriku akapiga kelele.

"Nyamaza, tazama," akasema Shimo. Sauti ilimtoka nzito. "Kulia, mama."

Konokono akaenda kulia.

"Kushoto kidogo. Ruka."

Tik. "Hopa," akasema mama.

La pili akalivuka vilevile, kwa shida, kidole kikitetemeka. La tatu hilo likaja. Shimo alilijua kama anavyoijua ngazi ya nyumba yake. "Ruka!" akasema, na akashangaa kusikia sauti yake imekuwa nyembamba. "Ruka, mama!"

Kidole kilishuka. Wote walikiona kinashuka, kimepinda, kinajitahidi, kinafika kwenye kitufe. Kikachelewa. Konokono akatumbukia.

Kioo kikapiga kimuziki chake cha kushindwa.

"Safari hii sikukusudia," akasema mama.

Mke wa Shimo, aliyekuwa mlangoni na taulo ya vyombo, hakuelewa, lakini aliona uso wa mumewe na akabaki pale pale.

"Nilikukataza kupiga simu ile," mama akasema, macho kwenye kioo. "Nilikukataza, baba. Kisha nikasikia sauti yako. Mkubwa wangu alikuwa amesimama mgongoni kwangu, nasikia pumzi yake shingoni. Baba yenu alishaondoka, ninyi watatu, na mimi nina vidole tu. Nikasema sikujui. Nilisema mara mbili."

"Mama, nimekasirika," akasema Shimo. "Nimekasirika sana."

"Kasirika. Ni haki yako."

"Watoto wote uliwavusha."

"Wote. Baada yako sikumwangusha hata mmoja. Walisema vipindi vimekuwa havinogi, kila mtoto anashinda, ndiyo maana wakakifunga." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kijiti bado kiganjani. "Na lile jina walilokuita, mimi ningelitamkaje? Ningekuita kwa kitu nilichokufanyia?"

Shimo akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Chiriku aliwatazama mmoja mmoja, akaona wakubwa wamekwama, akaamua kuwasaidia.

"Konokono ana roho mbili bado," akasema. "Bibi, gemu haijaisha."

Mama alirudisha dole gumba mahali pake. Alisubiri. Hakubonyeza kitu, hakusogeza kitu, alisubiri tu aambiwe.

"Kulia," akasema Shimo.